Kitako kipya cha bunduki ni ahadi ya vita: mafundi wa mbao wa Fizi wakatae

BARAKA – Raia wengi wa teritwari ya Fizi hawajui majina ya vipande vya bunduki, lakini kitako wanakijua. Wamekijua kwenye barieri za barabara ya taifa namba 5, mgongoni na mbavuni, siku franga za kupita zilipokosekana. Wamama wanaotoka shambani wanakijua. Wahami wa vita waliotembea kwa mguu na watoto mgongoni wanakijua zaidi kuliko wote.

Kwa hiyo ni ajabu kwamba kitako kinapokuwa mikononi mwa fundi wa mbao, kila mtu anakiona kuwa kitu kidogo. Kijana mwenye silaha akibadilisha kitako kilichopasuka, wenzake wanamsifu kama aliyenunua pikipiki mpya. Wanabishana ni mbao gani inafaa, kirefu au kifupi, cha kukunja au cha kudumu. Fundi naye akiulizwa ana jibu tayari: mimi nachonga mbao tu, risasi si yangu.

Jibu hilo halifai tena. Mtu haweki kitako kipya kwenye bunduki anayotaka kuirudisha kesho. Kila bunduki inayotengenezwa upya hapa ni bunduki ambayo mwenyewe ameamua itakaa, na fundi anayekubali kazi hiyo amesaidia kuamua.

Kitako kina kazi gani

Bunduki ndefu ina sehemu tatu ambazo hata mtoto anaziona: mtutu ambamo risasi inapita, mashine ya chuma ambamo inalipuka, na kitako kinachoegemea bega. Kitako hakitoi risasi. Kazi yake ni kuunganisha chuma na mwili wa mtu. Kinapokea teke la bunduki na kulipeleka begani. Kinaweka shavu mahali palepale kila mara, ili jicho lione mstari uleule. Urefu wake, kutoka pale kidole kinapovuta hadi mwisho wa kitako, ndio unaoamua kama silaha inamkaa mtu au inamsumbua.

Huko Marekani na Ulaya watu wa mchezo wa shabaha wanafanya kazi kubwa ya kuchagua kitako. Bunduki kama Remington 700, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1962, inatoka kiwandani na kitako chake, lakini wengi wanakivua na kununua kingine kinachofaa mwili wao. Wanachagua kati ya mbao nzima, mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, faiba na alumini. Wana sababu. Mbao inakunywa unyevu, inavimba, inapinda, na ikianza kusukuma mtutu, risasi inahama mahali pake. Faiba na alumini hazina tabia hiyo. Kwa mtu anayelenga karatasi au bamba la chuma kwa umbali wa mamia ya mita, tofauti hiyo ni kushinda au kushindwa mchezo.

Lakini angalia mambo yanayozunguka uchaguzi huo. Mtu huyo akinunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni, anajaza fomu. Ana uwanja wa kulenga. Mchezo ukiisha, silaha inarudi kabatini. Hata huko kwenye utaratibu huo, bunduki zinaua watu kila mwaka. Hapa Fizi mtu anachukua hamu ya kuchagua kitako na kuacha mengine yote: fomu, uwanja, kabati na sheria.

Hadithi ya kulenga vizuri

Wapo wanaotetea kazi hiyo kwa hoja inayosikika kuwa ya huruma. Wanasema: bunduki yenye kitako kibovu inarusha risasi ovyo, na risasi ovyo zinaua raia. Basi tukitengeneza kitako, kijana atalenga adui peke yake.

Hoja hii inavunjika ikiguswa. Silaha nyingi zinazobebwa katika milima yetu ni za aina ya Kalashnikov. Silaha hiyo ilibuniwa ili ifanye kazi ndani ya matope na vumbi, mikononi mwa askari aliyefunzwa haraka. Nguvu yake iko hapo. Si bunduki ya shabaha ya mbali, na kipande kizuri cha muvula hakitaifanya iwe hiyo. Risasi inakwenda sawa kwa sababu ya mtutu mzuri, risasi nzuri na mtu aliyefunzwa kwa muda mrefu, na kitako kinakuja nyuma ya hayo yote. Mtu anayebonyeza na kuacha risasi zitoke kwa mfululizo hata kitako cha dhahabu hakitamfundisha kulenga.

Historia ya Fizi yenyewe imeshasema hivyo. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kufika upande huu kusaidia waasi wa Simba. Silaha hazikuwa haba. Zilikuwa zikivushwa kutoka Tanzania, za Kirusi na za Kichina, zikiwa na vitako vyake vya kiwandani visivyo na ufa. Katika maandishi yake ya miezi ile, Che alilalamika kuhusu wapiganaji waliofumba macho na kuacha risasi zitoke mpaka ziishe. Novemba mwaka huohuo aliondoka akiwa ameshindwa. Vitako vilikuwa vizima siku ile.

Tena risasi inayopigwa usiku haiulizi kitako. Kwenye maeneo ya wahami, nyumba ni miti na shitingi. Nyumba nyingi za vijijini ni za udongo. Risasi ya bunduki ya vita inapenya vyote viwili na kuendelea. Mama aliyelala na watoto wake nyuma ya shitingi hana faida yoyote akiambiwa kwamba aliyefyatua alikuwa na kitako kinachomkaa vizuri begani.

Kubadilisha kitako ni kubadilisha sura

Kuna jambo zito zaidi, na ndilo linalopaswa kuwauma viongozi wetu. Bunduki zina namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo Kongo ni mwanachama wake, inataka kila silaha iwe na alama yake kwenye chuma, ili ijulikane ilitengenezwa wapi na ni ya nani. Mkataba wa nchi za Afrika ya kati, uliopitishwa hapa kwetu Kinshasa Aprili 2010, unafuata njia hiyohiyo. Namba iko kwenye chuma kwa sababu waliotunga sheria wanajua mbao inatoka.

Lakini nani kati ya raia anaisoma namba iliyo kwenye chuma? Mtu aliyelazwa chini saa nane ya usiku hasomi namba. Anachokiona ni kitako. Majeshi mengi yanaandika alama ya kikosi juu ya kitako kwa rangi au kwa kuchonga. Wapiganaji nao wanachonga majina, misalaba, tarehe. Kitako kimoja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, kingine kwa waya, kingine kina ufa unaojulikana. Raia anakumbuka hayo. Anaweza kusema mbele ya mwendesha mashtaka: alikuwa na ile bunduki iliyofungwa mpira mweusi.

Sasa bunduki ileile ikipelekwa kwa fundi wiki inayofuata, ushahidi unabaki kwenye takataka za randa. Namba ya chuma bado ipo, ndiyo, kama haijasuguliwa kwa tupa. Lakini alama pekee ambayo mwathirika aliijua imekwenda. Fundi aliyepokea franga zake chache amemnawisha mtu mikono bila kujua, na safari nyingine akijua.

Wanaosema kwamba ushahidi hauna maana Fizi wamesahau. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi walibaka wanawake wengi katika Fizi-centre. Februari ya mwaka huohuo korti ya kijeshi ilisafiri, ikakaa hapahapa Baraka, na wanawake walisimama kutoa ushahidi. Luteni kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa komanda wao, alihukumiwa miaka 20 ya jela, pamoja na askari wengine waliopata adhabu zao. Haki ile iliwezekana kwa sababu raia walithubutu kusema, na kwa sababu ilijulikana askari wale ni wa nani, wanaamriwa na nani. Kila silaha inayozunguka leo bila daftari, na kila kitako kinachobadilishwa kwa siri, kinafanya korti kama ile iwe ngumu kurudi.

Kitako kifupi kinamkaa nani

Turudi kwa urefu. Imeelezwa hapo juu kwamba kitako kinachaguliwa kulingana na mwili wa mtu. Kitako cha kiwandani kimepimwa kwa mtu mzima. Basi fundi akiletewa bunduki na kuambiwa, kata hiki, ni kirefu mno kwa atakayeibeba, ajiulize swali moja: mwenye mkono mfupi namna hiyo ni nani?

Kalashnikov ya aina ya AKM ina uzito wa kilo 3 na kidogo bila risasi. Mtoto anayechota maji ziwani anabeba zaidi ya hapo kila asubuhi. Uzito haumzuii mtoto kubeba bunduki. Kinachomsumbua ni urefu, na urefu ndio huo unaoletwa kwa fundi ukatwe. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kuingiza watoto katika vikosi vya silaha. Oktoba 2012 serikali ilitia sahihi na Umoja wa Mataifa mpango wa kukomesha jambo hilo ndani ya jeshi lenyewe. Msumeno wa fundi mmoja unaweza kuvunja hizo zote kwa dakika kumi. Hapa hakuna mjadala wa ulinzi wa kijiji. Anayekata kitako kwa kipimo cha mtoto amemwandikisha mtoto huyo jeshini.

Mwindaji asichanganywe na wengine

Haki inadai kutofautisha. Kuna bunduki za kienyeji ambazo zimekuwepo milimani kwa vizazi, zinazoitwa pupu, na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanaziita gobore. Mwindaji anachonga kitako chake mwenyewe kwa mbao ya msituni. Kijiji kinamjua, kinajua bunduki yake, kinajua alipitia njia gani. Kitako chake hakifichi kitu. Ni kama jembe lenye mpini unaojulikana.

Hata hivyo mwindaji naye hayuko nje ya sheria. Amri-sheria ya Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inataka kibali. Na nyama ya msitu wa Itombwe na wa Ngandja haina mwisho kama watu wanavyofikiri. Lakini dawa ya mwindaji ni kumwandika kwenye daftari la shefu, si kumpiga wala kumnyang'anya. Tanzania hutangaza mara kwa mara muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na watu wanaleta magobore yao. Fizi inaweza kuiga. Kinachokataliwa ni mtu mwenye silaha ya vita kujificha nyuma ya mwindaji na kusema, hata yule ana kitako cha kuchonga.

"Na sisi nani atatulinda?"

Hapa ndipo penye uchungu, na hoja hii isidharauliwe. Watu wa Makobola waliuawa mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, na familia zao bado zinasubiri haki. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu ya Kusini mwisho wa Juni 2024. Bukavu ilianguka mikononi mwa M23 Februari 2025, Uvira nayo tarehe 10 Desemba 2025, na watu walimiminika kuelekea Burundi na kuelekea huku Fizi. Mtu aliyeona hayo akisema anataka bunduki nzima nyumbani, hasemi kwa wazimu. Anasema kwa sababu ameachwa.

Lakini aulizwe kwa upole: katika miaka yote hii ya bunduki nyumbani, ni kijiji gani cha Fizi kilicholala usingizi kwa sababu ya bunduki hizo? Katika milima ya Minembwe, Itombwe na Lulenge, Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wote wamenunua silaha kwa neno hilohilo, kujilinda. Kila upande umechoma nyumba za mwingine, na kila upande umezika. Ng'ombe wameibwa, mashamba yameachwa. Silaha ya kujilinda ya huyu ndiyo hofu ya yule, na hofu ya yule ndiyo bunduki ya kesho.

Tena silaha hazikai zilipoanzia. Bunduki iliyopewa kijana ili alinde kijiji inakutwa kwenye barieri ikidai franga kwa kijiji hichohicho. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu akiba ya jeshi ilitungwa ili wanaojiita Wazalendo wawe na amri, orodha na nidhamu. Kama mtu kweli ni mzalendo, orodha haimuumizi. Anayetaka kulinda taifa aandikwe jina, aandikwe namba ya silaha, ajulikane komanda wake. Anayetaka kitako kipya usiku kwa fundi, bila jina na bila namba, analinda kitu kingine.

Kinachodaiwa

Mafundi wa mbao wa Baraka, Fizi-centre, Mboko, Sebele, Lulimba na Misisi wakae pamoja na kuamua neno moja: hatupokei bunduki. Fundi mmoja akikataa peke yake ataogopeshwa, na hofu hiyo ni ya kweli. Wote wakikataa, mwenye silaha hana pa kwenda. Chama cha mafundi, makanisa, misikiti na shirika la raia wawasimamie, ili aliyekataa asibaki peke yake usiku ule atakapogongewa mlango.

Makomanda wa jeshi la taifa wana karakana zao na mafundi wao wa silaha. Askari wa serikali akionekana kwa fundi wa mtaani, komanda wake aulizwe kwa nini. Bunduki ya serikali ikitengenezwa kwa siri, iko karibu kuuzwa kwa siri.

Mashefu wa sekta za Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja wafungue daftari la bunduki za kuwindia, wazi, bila kutoza pesa na bila kumfunga mtu. Watakapojua zipi ni za mwindaji, zilizobaki zitajulikana ni za nini.

Programu ya kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya kawaida, P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021, ipime kazi yake kwa bunduki zinazofanya kazi. Mtu akileta mtutu wenye kutu na kitako kilichooza, aulizwe ile yenye kitako kipya iko wapi. Wananchi wanajua mchezo huo: kilichokufa kinarudishwa mbele ya kamera, kilicho hai kinabaki chini ya kitanda.

Na familia za wahami zisiachwe nje ya mazungumzo haya kama watu wa kusubiri unga tu. Wao ndio waliowahi kuziona silaha hizo kwa karibu. Zikiundwa kamati za kufuatilia silaha, mhami awe na kiti, na mama awe na kiti, na jina la anayetoa habari lifichwe.

Mbao ya Fizi haikosi kazi. Wavuvi wa Ubwari wanahitaji mitumbwi. Shule ambazo wahami wamelala ndani yake zitahitaji madawati, kwa sababu mengi yameishia jikoni kama kuni. Nyumba zilizochomwa zitahitaji milango siku wenyewe watakaporudi. Fundi anayetafuta mteja ana wateja wengi kuliko mikono yake, nao hawaji usiku wala hawamwambii afiche. Fundi atakayeletewa bunduki ya vita achague mmoja kati ya wateja hao, na huyo mwenye bunduki amwambie arudi nayo alikotoka, au aipeleke kwa wanaopokea silaha.